Mmoja Zaidi Kwenye Mzunguko

Zhavdara, 9 Novemba 1997

Shangazi mpendwa Savsanbegim,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepungua, na kwamba jirani yako bado anakupasulia kuni kama alivyoniahidi. Mimi ni mzima. Nimepewa chumba nyumbani kwa mwalimu mkuu Qadamsho, na mke wake ananilisha mkate na chai ya maziwa yenye chumvi kama mtu anayenenepesha kondoo. Unga wa msaada umefika, ingawa nusu ya magari yaligeuza darajani kwa kuogopa barafu. Kazi ya ukarani wa baraza la kijiji ni ndogo: naandika vyeti vya kuzaliwa, napanga zamu za maji kwenye mifereji, nasikiliza ugomvi. Hiyo siiogopi.

Ninaloliogopa ni hili. Mwalimu wa fizikia ameondoka kwenda Urusi kuuza matunda sokoni. Juzi Qadamsho aliingia ofisini, akaketi juu ya meza yangu, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma chuo." Nikamwambia nilisomea uchumi. "Uchumi una hesabu, fizikia ina hesabu. Darasa la kumi wanakusubiri."

Paa la shule liliporomoka mwaka jana, kwa hiyo tunasomea nyumbani kwa mama mmoja, Zarifmo, kwenye chumba kikubwa chenye nguzo tano na jiko katikati. Binti yake, Nekbakht, ni mwanafunzi wangu. Wananiita Mwalimu Karani. Nilipoandika ubaoni kwamba mkondo wa umeme ni chaji zinazopita kwenye waya, kijana anayeitwa Shirinsho aliinua mkono. "Mwalimu Karani, umeshaziona hizo chaji?" Nikasema sijaziona. "Basi tuko sawa," akasema, "maana sisi hata taa hatujaiona tangu vita." Walicheka mpaka Zarifmo akaja kuchungulia kuna nini.

Shangazi, wewe umefundisha fizikia Khorog maisha yako yote. Nifanyeje?

Na jambo jingine. Juu ya kijiji kuna nguzo za umeme zilizolala chini tangu zamani, nyaya zake watu wamezichukua kufungia mbuzi. Wazee wakiniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikawajibu wa Mirzosho, fundi wa umeme, wanatazama mlimani. Nilikuwa na miaka minne theluji ilipomchukua baba. Hujawahi kuniambia ni wapi. Je, ilikuwa hapa?

Mwanao,
Imomyor


Khorog, 30 Novemba 1997

Mwanangu Imomyor,

Marahaba. Kifua ni kile kile, tumezoeana. Jirani anapasua kuni na kunisimulia habari za mama mkwe wake, sijui kipi kinanichosha zaidi. Binamu yako amejifungua mtoto wa kike. Nimekutumia soksi kwa dereva huyu huyu. Ukiona amezivaa yeye, mvue.

Sasa darasa. Hakuna anayeelewa kitu asichokiona mpaka umfananishie na anachokiona. Hao watoto wako wamezaliwa kando ya mfereji. Waambie hivi: maji yanateremka kwa sababu juu kuna kimo na chini hakuna, kimo hicho ndicho volti. Maji yenyewe yanayopita ndiyo mkondo. Mawe na majani yaliyoziba mfereji ndiyo ukinzani. Wape hesabu za mfereji kwanza, kisha ubadilishe majina tu. Utaona macho yao.

Lakini sikiliza vizuri. Kila mfano una mahali unapoishia. Ukifika hapo, uwaambie wewe kabla hawajagundua wao, la sivyo watauamini mfano kuliko kitu chenyewe. Maji yakikatwa njia humwagika. Waya ukikatwa, umeme haumwagiki. Wakianza kukusumbua hapo, uache mfereji, uwatembeze wao wenyewe. Wapange kwa mduara. Wewe ni betri: kila anayepita mbele yako mpe tunda moja kavu la aprikoti. Upande wa pili mkalishe mmoja awe taa. Kila anayepita ampe aprikoti yake, kisha arudi kwako mikono mitupu. Mwisho uwaulize, je, kuna mtembeaji aliyepungua? Hakuna. Kilichotumika ni chakula, mchukuzi yupo vile vile. Nimefundisha hivyo miaka yote na sijawahi kushindwa.

Jioni usitembee karibu na miteremko. Kula.

Shangazi yako,
Savsanbegim


Zhavdara, 21 Desemba 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Soksi zimefika, dereva alikuwa amevaa moja tu. Mpe binamu hongera. Hapa theluji imefika dirishani, na ng'ombe wa Qadamsho amehamia chumba cha jirani na changu, nasikia anavyopumua. Kuhusu swali langu la baba hukuandika kitu. Labda ulisahau.

Mfereji ulifanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea. Hata msimamizi wa maji alikuja kusikiliza, akasema hajui umeme lakini hesabu zangu za mfereji ni sahihi. Shirinsho alifika kwenye waya uliokatwa kabla yangu, kama ulivyosema. "Mwalimu Karani, kwa hiyo nikikata waya nilete ndoo?" Basi nikageukia mduara.

Nilimkalisha Nekbakht kuwa taa, chini ya nguzo iliyo upande wa jiko, kwa sababu pana mwanga. Wengine tisa walitembea. Mbele yangu kila mmoja alipokea aprikoti, akaenda akampa, akarudi. Walipenda sana. Walikuwa wanavuta miguu na kuguna kama mizigo imewazidi. Baada ya mzunguko mmoja nilisema simameni, sasa tuhesabu. Niligawa tisa. Nekbakht alikuwa na kumi kwenye magoti yake.

Nilicheka. Nikasema nani ametoa ya mfukoni? Shirinsho akaapa: "Mimi nikiwa na aprikoti mfukoni naila, Mwalimu. Nimpelekee Nekbakht nimemuoa?" Wakacheka wote isipokuwa Nekbakht. Alikuwa ameishika ile ya kumi mbali na mwili wake. Ilikuwa imelowa, Shangazi. Zile zangu zilikuwa kavu kama ngozi ya kiatu. Nikamuuliza nani amekupa hii. Akasema, "Wa mwisho." Wa mwisho alikuwa Shirinsho. Akasema, "Siye. Aliyekuja nyuma yake."

Zarifmo alipoona mwanawe ameketi pale alinitoa nje na kunisema vibaya sana. Mimi nimekulia kwenye ghorofa za Khorog, sikufikiria. Unajua mwenyewe mahali hapo huwekwa nini. Mtu akifa, utambi wa pamba unawashwa pale pale, khalifa, kiongozi wa dini wa kijiji, anasoma kasida, ndugu wanakuja mmoja mmoja na chakula kwa ajili ya marehemu. "Umemweka mwanangu mahali pa taa," alisema, "ukamwita taa, ukawaambia watu wamletee chakula. Ulidhani nani atakuja?"

Nimewaza nimekosea kuhesabu. Tafadhali niambie kuwa nimekosea. Na tafadhali nijibu kuhusu mteremko.

Imomyor


Khorog, 14 Januari 1998

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto wa binamu yako ameitwa Gulnamo, ana nywele nyingi na hasira nyingi. Umeme unakuja saa mbili kwa siku. Nakuandikia ndani ya hizo saa mbili.

Umekosea kuhesabu. Watoto wa miaka kumi na sita wana mifuko na wana utani, na aprikoti ikikaa mdomoni kidogo hulowa. Sitaki kusikia kwamba karani aliyesoma chuo anaogopa tunda. Mwombe radhi Zarifmo, na usimkalishe mtu tena pale.

Tumia kamba badala yake. Ifunge ncha kwa ncha iwe mduara mmoja, kila mmoja aishike kwa ulegevu mikononi. Wewe ni betri, unaivuta. Kamba yote inaanza kutembea kwa wakati mmoja, hata kwa aliye mbali; hapo wataelewa kwa nini taa huwaka mara moja bila kusubiri chaji zisafiri kutoka mtamboni. Kisha mmoja aibane kwa nguvu. Huyo ndiye taa. Viganja vyake vitapata joto kwa kusuguliwa, na joto hilo linatoka kwenye mkono wako wewe unayevuta. Ukiacha kuvuta, kamba inasimama. Kila mtu ameshika, hakuna nafasi ya mtu kuchomeka aprikoti.

Mfano huu pia una mwisho wake, lakini ukitembea nao kwa uangalifu hutaufikia.

Kuhusu mteremko, sina la kuandika.

Savsanbegim


Zhavdara, 3 Februari 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Gulnamo anaendelea vizuri. Nimesikia kuna poromoko la theluji chini ya daraja na sijui barua hii itapita lini. Nimempa mtu anayetembea kwa miguu.

Nitaandika kwa utaratibu ili usinione mjinga.

Nilimwomba Zarifmo radhi. Tulisimama mbali na ile nguzo, karibu na mlango. Nilitaka Shirinsho ndiye abane kamba, lakini Nekbakht alisema, "Taa ni mimi," kwa sauti ya mtu anayekumbusha zamu yake. Sikutaka ubishi. Nikavuta. Kamba ikatembea kwa wote kwa wakati mmoja, kama ulivyosema, na walishangaa kwa furaha. Nikamwambia Nekbakht abane. Nikahisi uzito. Nikavuta zaidi. Nikauliza, unasikia joto? Akazidi kubana. Mikono ikanichoka, nikaacha kuvuta.

Kamba haikusimama.

Ilipita viganjani mwangu taratibu, kwa mwendo ule ule. Niliwatazama wote, hakuna aliyekuwa anavuta. Walikuwa wananitazama mimi wakidhani ni mimi. Shirinsho akasema, "Mwalimu Karani, inatosha bwana, tumeelewa," halafu akaona mikono yangu imefunguka, naye akaachia. Mmoja mmoja waliachia. Nekbakht peke yake hakuachia, na kamba iliendelea kumpita mpaka mama yake akaja akamfungua vidole.

Viganja vyake vilikuwa vya baridi. Si baridi ya mtoto aliyetoka nje. Nilivigusa, nikakumbuka chuma cha daraja asubuhi. Tangu siku hiyo havijapata joto. Wanamweka kando ya jiko, wanamsugua kwa mafuta ya kondoo, wanampa supu, anairudisha. Baridi sasa imefika kwenye viwiko. Akiulizwa anataka nini anasema, "Anauliza kama zamu yake bado."

Khalifa Ghulomsho alikuja. Si mtu wa makelele. Aliniuliza nilifundisha nini, nikamweleza betri na taa na watembeaji, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, umefungua mlango wa nyumba ya taa, ukaita watu waje, halafu taa hukuwasha. Kuna mtu ambaye hakuwashiwa yake. Amesimama anangoja." Wazee wakanitazama. Hapo ndipo waliponiambia. Ni hapa, Shangazi. Ni mteremko huo ulio nyuma ya shule. Baba alilala nyumba ya tatu kutoka kwangu usiku wa kabla ya siku ile. Walichimba theluji masika mawili na hawakumpata, na ujumbe ukaja kutoka kwako, dada yake, kwamba pasipo na mwili asiwashiwe taa.

Nilidhani ilikuwa ni huzuni yako. Sikukulaumu. Lakini huyu binti anaganda mbele ya jiko, na sababu ni somo langu. Bila neno la mkubwa wa ukoo khalifa hawezi kuwasha. Naomba neno lako. Andika sentensi moja tu, kwamba umekubali. Wamesema watangoja mpaka mwisho wa mwezi huu.

Imomyor


Zhavdara, 2 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako haijafika. Njia imefungwa pande zote mbili, na wanaume waliokwenda kutazama darajani wamerudi bila kitu.

Nimefanya uamuzi, na nimeufanya kwa hofu, sikukusudia kukudharau. Baridi ilifika mabegani mwa Nekbakht. Zarifmo aliingia ofisini kwangu akaketi chini sakafuni. Nikamwambia khalifa kwamba mimi ni mtoto pekee wa Mirzosho, na wakati njia imefungwa mkubwa wa ukoo ni mimi. Akaniuliza mara mbili. Nikajibu mara mbili.

Waliwasha juzi. Walichinja kondoo, watu wakajaa. Khalifa aliusokota utambi, akasoma, akalitaja jina la baba, lote, pamoja na la babu, kwa sauti kubwa, akamwita aje apokee nuru yake. Moto ulishika mara moja, ukasimama wima. Nililia, Shangazi, sikuwa nimewahi kumlilia. Wanawake walinishika.

Asubuhi tulikwenda kumtazama Nekbakht. Ni vile vile. Khalifa alimshika mkono kwa muda mrefu, akainama, akamsikiliza. Alipoinuka alikuwa amebadilika uso. Akaniambia polepole, ili wengine wasisikie, "Siye. Tuliyemwita siye huyu anayengoja."

Sielewi. Niandikie chochote.

Imomyor


Khorog, 22 Februari 1998

Mwanangu Imomyor,

Barua yako ya tarehe tatu imenifika leo, imelowa, na aliyeileta ananingojea mlangoni. Sikuulizi hali. Usiwashe ile taa.

Baba yako yu hai.

Soma tena kama hukuamini, kisha endelea. Theluji ile haikumchukua. Alikuwa na mwenzake, alimtuma mbele kwenye mteremko kuangalia waya, na mteremko ukashuka na yule mwenzake. Baba yako alichimba kwa mikono mpaka giza. Kisha akaogopa: jela, na macho ya watu. Akavuka mlima upande wa pili. Miezi mitatu baadaye niliamka nikamkuta jikoni kwangu, amekonda, hana kucha. Aliniapisha nisimwambie mtu, wala mama yako. Akaenda Urusi, huko wajenzi hawakuulizwa sana walikotoka. Yuko Saratov. Anaishi kwa jina jingine, ana mke. Kila Navruzi, mwaka mpya ukiingia, ananiandikia barua, na kila mwaka anauliza umekuwa mrefu kiasi gani.

Ndiyo maana nilizuia taa. Haiwashwi kwa mtu anayepumua. Hata mimi niliyefundisha fizikia, hilo silichezei.

Sasa nikuambie kama mwalimu kwa mwalimu. Umeona kitu kinachofanana na baba yako upande mmoja, mteremko ule ule, theluji ile ile, taa ambayo haikuwashwa, ukasema basi ni yeye. Kufanana si kuwa. Kulikuwa na watu wawili pale juu. Huyo mwenzake aliitwa Sattor. Alikulia kwenye kituo cha yatima huko bondeni, hakuwa na baba wala mama wala mji. Alifika Zhavdara asubuhi ile ile na gari la nyaya, kwa hiyo hakuna mtu kijijini aliyemjua jina. Hakuna aliyewahi kuuliza habari zake. Kama kuna mtu anauliza zamu yake, atakuwa huyo.

Mwambie khalifa. Na usilitaje jina la baba yako mahali pale, hata kwa kunong'ona.

Savsanbegim


Zhavdara, 24 Machi 1998

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika siku nne zilizopita. Utakuwa umeshapata yangu ya tarehe mbili, au itafika pamoja na hii. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasoma tena. Yu hai. Sijui nifanye nini na maneno hayo mawili. Nimeyabeba siku zote hizi kama mtu aliyebeba yai.

Nilikimbia kwa khalifa. Alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia, "Khalifa, yule tuliyemwashia yu hai." Aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Jina nililoliita ndilo jina lake la kweli?" Nikasema ndilo. Akasema, "Tumshughulikie huyu aliye hapa kwanza."

Palihitajika neno la ndugu, na Sattor hana ndugu. Zarifmo akasema, "Mimi ni dada yake. Andika hivyo, karani." Akachinja mbuzi wake wa pekee. Utambi wa Sattor haukushika haraka, ulikataa, ulitoa moshi, khalifa akauwasha tena na tena kwa uvumilivu kama anayemlisha mgonjwa. Uliposhika, sote tulisikia mlango wa nje ukifungwa, na hakuna aliyekuwa ameufungua.

Asubuhi Nekbakht aliomba mkate. Mchana alimtukana Shirinsho kwa kumwita kipande cha barafu, na Zarifmo alilia kwa kusikia tusi hilo kuliko alivyolia siku zote za ugonjwa. Viganja vyake vina joto. Juzi walinilazimisha kurudia somo la kamba, sikutaka. Nikavuta, nikaacha, ikasimama papo hapo. "Naam," Shirinsho akasema, "sasa hii ndiyo fizikia." Nikawaambia mahali mfano huo unapoishia, kila mahali ninapopajua, nikaandika ubaoni mpaka chaki ikaisha.

Ningekuwa na furaha, Shangazi. Binti amepona. Lakini naamka nikiwaza ule moto wa kwanza ulivyoshika mara moja na kusimama wima. Moto wa mtu asiyekuja haushiki hivyo, khalifa mwenyewe amekiri nilipombana. 

Navruzi imepita. Je, barua yake imefika? Kama imefika, niandikie maneno yake mawili tu, yoyote. Kama ameuliza kimo changu, mwambie nimempita Qadamsho.

Mwanao,
Imomyor


Khorog, 6 Mei 1998

Mwanangu Imomyor,

Marahaba. Kifua kimetulia tangu jua lirudi. Gulnamo anaketi bila kushikwa. Msalimie Zarifmo, mwambie mbuzi atapata mwingine, nimempa dereva.

Barua ya Saratov imefika. Si mwandiko wake. Ameandika mke.

Anasema walikuwa mezani wanakula. Baba yako aliweka kijiko, akauliza, "Umesikia?" Mke hakuwa amesikia kitu. Yeye akasema kuna mtu nje anamwita kwa jina lake, akalitamka, jina refu lenye jina la baba yetu ndani yake, ambalo mke hajawahi kulisikia na ameliandika vibaya, lakini nimelitambua. Mke alimuuliza ni nani huyo. Akasema, "Ni watu wa nyumbani." Hakuonekana kuogopa. Alivaa viatu, akachukua kofia, akamwambia asiache chakula kipoe. Walimkuta asubuhi ameketi nje ya lango, mgongo kwenye ukuta, ameielekeza mikono mbele kama mtu anayeota moto.

Siku yenyewe ameiandika. Mimi sitakuandikia, na ukija usiniulize.

Sikiliza. Yule binti anakula na anatukana watu. Hilo ulilitaka na umelipata, na usithubutu kulitupa. Mwezi ujao wafundishe sumaku. Nimekuwekea mifano mitatu kwenye karatasi nyingine, na kwa kila mmoja nimekupigia mstari mahali pa kusimama.

Majirani wamekuja wamejaa sebuleni. Wanaleta unga, wanaleta pamba ya utambi, wananiuliza nitamwita khalifa siku gani. Nimewarudishia pamba yao. Nimewaambia ya ndugu yangu imeshawashwa, na aliyeiwasha ni mwanawe.

Savsanbegim